Trekta Tatu na Leso Moja

Mkawasi, nilikulea ukiwa na macho mawili. Nani amekunyang'anya? Mtu mzima, umekaa huko Uarabuni, unaangalia picha ya trekta kwa simu halafu unaniambia, "Nyanya, hiyo ni safi, niwalipe walete?" Picha! Wewe ambaye nilikufundisha kumfungua mbuzi mdomo ukague meno kabla hatujamsifu hata manyoya. Aibu nimeiona mimi, kwa sababu wewe huko uliko hujaiona.

Sitaanza na mpendwa. Hiyo utaikuta chini, kama hasira zitakuwa zimeniishia nikifika huko. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, na darasa langu la tatu unalijua, linaniishia njiani. Mjomba wako Mwandoe ataipiga picha karatasi kwa karatasi akutumie, na nimemwambia asiguse neno hata moja, hasa yale yanayomhusu. Tena siifichi. Jumapili nitawasomea akina mama wa kanisa hapa Wusi, maana nusu yao wana watoto mbali kama wewe, na hao watoto nao wameanza ugonjwa huu wa kutuma mashine.

Sasa nikukumbushe ulichosema, usije ukaruka. Ulisema mgongo wangu umechoka, goti la Mwandoe ni lile lile, kwa hivyo utatununulia trekta ndogo ya kulima matuta yetu haya ya ngazi mlimani. Ukatuma picha tatu, nichague. Majina ya hizo trekta yalinishinda kutamka, nikazipa rangi zake: Nyekundu, Machungwa na Buluu. Usinisahihishe. Babu yako aliendesha trekta za shamba la mkonge miaka yake yote ya kazi, na yeye pia aliziita kwa rangi.

Unamkumbuka akikupeleka kule kwenye mkonge? Ulikuwa na miaka mitano, umevaa sweta langu kama gauni. Alikuinua mpaka kwa boneti, akashika kiganja chako, akakibandika pale kwenye chuma. Wewe ukalia ukidhani utaungua. Kumbe baridi. Akakwambia, "Iguse kwanza. Mashine iliyolala huamka baridi. Ukiikuta moto asubuhi, kuna mtu ameiamsha kabla yako. Muulize kwa nini." Ulirudi nyumbani ukawa unagusa kila kitu, sufuria, ukuta, tumbo langu. Ukamshika kuku mgongoni ukaja mbio, "Nyanya, huyu ameamshwa kabla yetu!" Babu yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijifanya nimekasirika kwa sababu ya kuku.

Basi mambo hayo ndiyo niliyoenda nayo Voi. Hayo na leso yangu ya zambarau ya kujifunga kiunoni, ile iliyochanika pindo.

Tulishuka mimi na Mwandoe Jumanne mapema, kabla jua la Voi halijaanza fujo. Yule muuzaji wako wa kwenye simu ana yadi kubwa na viatu vyenye ncha. Akatupokea, "Karibu mama, karibu mzee." Mwandoe kuitwa mzee mbele yangu! Akafura kama andazi. Kutoka hapo muuzaji akawa anaongea na mzee wake tu, mimi nimesimama kama begi lililoletwa.

"Hii Nyekundu, mzee, ina nguvu za farasi ishirini na tano."

"Wanakula nini?" nikauliza.

"Nani, mama?"

"Hao farasi."

Akacheka. "Dizeli, mama."

"Wote ishirini na tano? Na mimi nikiwa na kazi ya farasi watano, wale ishirini watakubali kukaa bila kula?"

Hapo akaacha kucheka, akanigeukia vizuri. Ndivyo nilivyotaka.

Nikaweka kiganja kwa boneti. Moto, Mkawasi. Moto kama sufuria ya chai. Na ilikuwa saa mbili asubuhi, lango limefunguliwa sasa hivi, mlinzi bado anafagia majani. Nikamuuliza, nani ameiamsha hii? Akasema huwa wanazipasha kidogo ili zisimsumbue mteja. Nikamwambia, "Mimi ndiye nimekuja kusumbuliwa. Iache ipoe." Nikakalia debe chini ya mabati, nikatoa chupa yangu ya uji. Mwandoe alikuwa anaona haya, anazunguka zunguka kama hanijui. Tulikaa mpaka karibu saa sita. Ilipopoa akaiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akajaribu tena. Ikanyamaza tena. Nikamwambia hata mimi kwa umri huu naamka vizuri kuliko hiyo.

Machungwa nayo ilikuwa kando, inang'aa. "Hii ni mpya kabisa, mama, haijaguswa na udongo." Nikainama, unajua mimi siangalii kitu kinachong'aa, naangalia mahali mguu unapokanyaga. Kanyagio la breki lilikuwa limelika upande wa kulia, pembe yote imeisha, kama kipande cha sabuni cha mwisho wa wiki. Nikauliza, haijaguswa na udongo lakini imeguswa na mguu? Akasema ni mambo ya safari ya meli. Mwandoe akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kupanda meli. Nikamkanyaga.

Ile Buluu haikuwapo. Tukaambiwa iko Mombasa, itafika baada ya wiki mbili.

Nilipokupigia kukueleza hayo yote ulicheka tu, na kesho yake ukanitumia ile sauti yako kwa simu. Nakuandikia maneno yako kama ulivyoyasema, usije ukayakana: "Nyanya, basi achana na hizo, ngoja ile ya buluu. Nimeuliza watu huku, wanasema hiyo ndiyo imara. Hiyo itafanya kazi yangu yote na ibaki." Nilimwambia Mwandoe airudie mara ya pili. Alidhani sikusikia. Nilisikia. Nitayarudia hayo maneno, usidhani yamepita.

Wiki mbili zikaisha, tukashuka tena. Muuzaji yuko langoni anatabasamu, na nyuma yake trekta ya Buluu, buluu ya kung'aa kama mlango wa duka. "Imefika, mama. Ile ile mjukuu wako anayotaka." Nikajiuliza, huyu amejuaje mjukuu wangu anataka ipi? Mimi sikumwambia. Nikaangalia kule ilikokuwa Machungwa. Nafasi tupu. "Imenunuliwa," akasema, "imeenda Taveta."

Nikagusa boneti. Baridi. Amejifunza. Basi nikainama tena kuangalia kule mguu unapokanyaga. Kanyagio la breki, Mkawasi. Limelika upande wa kulia. Pembe yote imeisha.

Nilitoa ukucha huu wa dole gumba ambao wewe hunicheka kwamba ni jembe, nikakwangua chini ya kiti, mahali ambapo mtu mvivu hapaki rangi mara mbili. Buluu ikatoka kama ganda la yai. Chini yake, machungwa.

"Taveta si mbali," nikamwambia. "Imerudi haraka."

Unajua alijibu nini? Alisema, "Mama, rangi ni rangi tu. Si mlisema mnataka ya buluu?"

Na mimi nikamgeukia mzee wake. Mwandoe alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ulimwambia?" "Mama, tuliongea tu kwa simu. Aliniuliza mmeamuaje, nikasema mtoto anataka buluu." Hakuchukua kitu, nimemhoji mpaka machozi yakamlenga, nimeamini hakuchukua. Aliitwa mzee, ikatosha. Lakini na wewe una kosa. Mlichagua kwa rangi na mimi nikawafundisha kuita kwa rangi, sasa mtu mwenye brashi akatuweza wote watatu. Hilo la rangi nalibeba mimi. Kosa la picha ni lako.

Mwandoe, kwa kutaka kujisafisha, akanipeleka yadi nyingine upande wa stesheni, ya mzee mmoja ambaye baba yake alikuja na kazi ya reli kutoka magharibi, na yeye akazaliwa hapa hapa. Ndogo, chafu, imejaa oili chini. Nikaipenda kwa sababu hakuna kilichong'aa. Alikuwa na Buluu ya kweli. Nikagusa, baridi. Ikawaka mara moja. Nikakwangua chini ya kiti, chini ya boneti, nyuma ya tairi, mpaka yule mzee akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu humo?" Chini ya buluu palikuwa na chuma. Nikauliza spea zinatoka wapi. Akasema nyingi anazo, na asizokuwa nazo zinakuja na gari la asubuhi kutoka Mombasa. Nikamuuliza fundi ni nani. Akanionyesha mikono yake, na kucha zake zilikuwa mbaya kuliko zangu.

Mwandoe akaanza kutabasamu.

Ndipo nikafungua leso.

Unajua kwa nini. Mwaka ule ukuta wa tuta la tatu ulipoanguka, ulikuwa na miaka tisa, babu yako ameshatangulia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, tukaamka tukakuta mawe yote yamelala chini kwa tuta la nne pamoja na maharagwe yetu. Watu wakasema niite fundi. Nikasema fundi ninaye, ana miaka tisa na anapenda kulalamika. Tulibeba mawe wewe na mimi. Nilikuonyesha kwamba jiwe lina uso na lina mgongo, uso unatazama nje, mgongo unaingia kwenye udongo ili ukuta ushikane. Wewe ukayaweka unavyotaka. Nikabomoa. Ukaweka tena, nikabomoa tena. Mara ya tatu ukalia, ukatupa jiwe, ukasema, "Nyanya, jiwe ni jiwe tu!" Nikakwambia hata mtoto ni mtoto tu, lakini wengine wananisikia. Ukacheka katikati ya kulia, kamasi mpaka kidevuni. Ulipomaliza mwenyewe sehemu ya mwisho, ile ya kona, nilitafuta jiwe lililokaa vibaya. Sikupata. Sikukuambia wakati ule. Nakuambia sasa.

Kisha tukapima upana kwa leso hii, wewe umeshika pindo la huku na mimi la kule, tujue mistari mingapi ya mahindi itaingia. Leso mbili na mkono mmoja. Ulitembea na hesabu hiyo wiki nzima ukiiimba, leso mbili na mkono mmoja, leso mbili na mkono mmoja, mpaka mwalimu akaniita shuleni kuniuliza ni wimbo gani.

Basi kwa yadi nikamwambia yule mzee azungushe Buluu, igeuke irudi ilikotoka. Akaizungusha. Nikatandika leso yangu kwenye vumbi, alama ya tairi mpaka alama ya tairi, watu wamesimama kututazama, mmoja akauliza kama nauza nguo. Leso nne na zaidi.

Nikamweleza tuta letu. Akakuna kichwa. Akasema dereva anaweza kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, mpaka igeuke. Nikamuuliza, na hapo tairi litapita wapi? Akasema, kwenye ukingo. Nikamuuliza, wewe ungepanda? Akasema, "Mama, kusema kweli singepanda." Mwandoe ndiye angekuwa dereva, na goti lake hilo. Tabasamu likamwisha. Kisha yule mzee akasema, kwa nia njema, namjua ni nia njema, "Labda mvunje huo ukuta muunganishe matuta mawili."

Nilikunja leso. Mwandoe alimvuta kando akamnong'oneza, sijui alimwambia nini, lakini yule mzee alirudi akaniomba radhi.

Nilipokuwa natoka nikaona kwa kona kitu kama trekta iliyoibiwa nusu ya nyuma. Magurudumu mawili, injini ndogo katikati, mikono miwili mirefu ya kushika. Nikauliza.

"Hiyo si trekta, mama," akasema. "Hiyo ni mashine ya kusukuma. Watu hawaitaki. Inataka mtu atembee nyuma yake mchana kutwa."

Nikagusa. Baridi. Akavuta kamba mara mbili, ikawaka. Nikapima upana, nusu leso haifiki. Nikamwambia aigeuze. Iligeuka pale pale iliposimama, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Nikatafuta ubaya wake, nikazunguka, nikakwangua. Nikakosa. Nikaishika mwenyewe ile mikono. Ikanivuta hatua tatu kabla yule mzee hajanidaka kiwiko. Mwandoe alijaribu pia, goti likakataa.

Tukiwa tunapanda kurudi, pale baridi inapoanza kuingia dirishani, mjomba wako akaniambia, "Mama, wewe hukwenda Voi kutafuta trekta. Ulikwenda kuzikataa." Nikamwambia anyamaze, mtu aliyenunuliwa kwa neno mzee hana la kunifundisha.

Nilipofika nilikaa juu ya ukuta wa tuta la tatu, pale kona yako. Nikamwambia Mwandoe airudie tena ile sauti yako.

"Hiyo itafanya kazi yangu yote na ibaki."

Kazi yako gani, Mkawasi? Kazi yako hapa ilikuwa kushika pindo la leso upande wa pili. Ilikuwa kunibishia. Kuna farasi gani wa kunibishia? Na ibaki, wewe ukienda wapi? Mtu anayerudi hatafuti wa kukaa mahali pake. Anasema tu, nyanya, nyasi zimeota, ngoja nije. Uliondoka ukisema miaka miwili. Mahindi tumevuna ukiwa huko, tukavuna tena, na tena, sasa ni mwaka wa tano. Kila nikiuliza, unanitumia kitu. Blanketi. Simu. Dawa ya kuchua mgongo. Sasa trekta. Vitu vinazidi ukubwa na jibu linazidi udogo.

Nilimshuku muuzaji, nikampata. Nikamshuku mwanangu mwenyewe, nikampata. Sasa nakushuku wewe, na safari hii ningependa sana nikose.

Mimi silii. Usije ukamwambia mtu kwamba nyanya yako anakulilia. Kama umepata mtu huko, sema jina lake. Kama kazi ya hoteli umeipenda kuliko udongo wa Wusi, sema, si dhambi, hata mimi siku nyingine udongo huu nauchukia. Nitakunja leso, nitalima pale nitakapofikia, na matuta mengine yatalala. Nimeishi na mengi. Lakini usinipake rangi, Mkawasi. Kama chini ni machungwa, usiniletee buluu ya kung'aa na kuniambia ndiyo niliyotaka. Ukucha wangu bado uko.

Hasira zimepungua kidogo, kwa hivyo haya.

Mpendwa Mkawasi. Usimlipe mtu yeyote kitu chochote. Yule mzee wa upande wa stesheni amekubali kuiweka kando ile mashine ya kusukuma mpaka mvua za vuli zikaribie. Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, nenda kwa mkubwa wako uombe likizo. Njoo na viatu vya shamba, hivyo vya hoteli waachie wenyewe. Uishike hiyo mikono, uitembeze tuta la tatu kutoka mwanzo mpaka kona yako. Ukifika kwenye kona, geuka, unitazame machoni, uniambie kwa mdomo wako unarudi ama hurudi.

Nitakuwa nimekaa juu ya ukuta. Uje.

Nyanya yako